Jibu kwa mama wa Tanga anayehamia Honolulu na watoto wawili

Swali: "Mume wangu ameajiriwa Honolulu, nasi tutamfuata baada ya miezi michache. Tuna binti wa miaka minne na mvulana wa miezi kumi. Kila ninayemwambia ananijibu kwamba Hawaii ni kama Unguja tu: bahari, minazi na joto. Naomba unieleze siku ya mama mwenye watoto wadogo huko inakwendaje, kama nitapata dada wa kunisaidia kazi, na kama watoto wangu hawatapoteza lugha yao na dini yetu ya Kiislamu."

Jibu: Dada yangu, waliokuambia hivyo hawakukudanganya, ila wamekupa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu hasa mama mwenye mtoto wa kunyonya. Nimekuwa muuguzi wa watoto katika kisiwa cha Oahu, ambako ndiko uliko mji wa Honolulu, kwa miaka mingi. Familia kutoka pwani yetu nilizoziona zikipata taabu mwanzoni mara nyingi zilijikwaa kwenye mambo yanayofanana na ya nyumbani, kwa sababu walidhani wanayajua. Kwa hiyo nitakujibu kwa kufuata mfanano huo, lakini nitaanza na jambo moja ambalo linapaswa kufanyika ukiwa bado Tanga.

Jambo hilo ni kadi za kliniki. Katika Hawaii, ambayo ni jimbo la Marekani, mtoto haanzi shule, hata ile ya awali, mpaka awe na cheti cha kupimwa afya, chanjo zinazotakiwa, na uthibitisho kwamba hana kifua kikuu. Binti yako alichomwa BCG alipozaliwa, kama watoto wetu wote, na chanjo hiyo inaweza kuufanya ule mtihani wa ngozi, yaani sindano ndogo ya kwenye mkono inayoangaliwa baada ya siku mbili au tatu, uvimbe kana kwamba mtoto ana maambukizi. Nimekaa na mama mmoja aliyelia kliniki nzima akiamini kwamba mwanawe ana TB, kumbe ni BCG tu iliyokuwa ikijibu. Omba kipimo cha damu badala ya cha ngozi. Kwa mtoto aliyepata BCG na aliyetimiza miaka miwili ndicho kinachopendekezwa. Kisha fahamu kwamba sindano ya surua na rubela anayopewa mtoto wetu akiwa na miezi tisa haihesabiwi Marekani, kwa kuwa wao huhesabu zile zilizotolewa kuanzia mwezi wa 12. Mvulana wako atachomwa upya akitimiza mwaka, wala hilo halina madhara yoyote. Binti ataongezewa chanjo ambazo kwetu hazimo katika ratiba ya kawaida, kama vile ya tetekuwanga, ya matumbwitumbwi na ya homa ya ini aina ya A. Usiache kadi hata moja. Piga picha kila ukurasa, nayo kadi yenyewe uibebe katika mkoba wa mkononi, isikae ndani ya sanduku linaloweza kupotea uwanja wa ndege.

Kuhusu gharama za matibabu, ajira ya mumeo inawapa mahali pa kuanzia. Tangu mwaka 1974 sheria ya Hawaii inamtaka mwajiri amkatie bima ya afya mfanyakazi anayefanya kazi saa 20 au zaidi kwa wiki. Bima hiyo ni ya mfanyakazi. Kwa mke na watoto mwajiri halazimiki kulipa mchango wote, na hapo ndipo familia nyingi hushtuka wanapoona makato ya mshahara. Mumeo aulize sasa, kabla hamjasafiri, ni kiasi gani kitakatwa kwa ajili yenu watatu.

Sasa nije kwenye dada wa kazi, maana ndilo swali lililobeba mengine yote. Hutampata, angalau si kwa namna unayoifahamu. Sheria iliyopitishwa mwaka 2022 iliupandisha mshahara wa kima cha chini hatua kwa hatua, kutoka dola 14 kwa saa mwaka 2024 mpaka dola 18 mwaka 2028, na mtu anayefanya kazi nyumbani kwa mwenzake naye ana haki zake kisheria. Piga hesabu ya saa 8 kwa siku, siku tano kwa wiki, utaona kwamba ni mshahara kamili wa mtu mzima. Wazazi wengi humpeleka mtoto kwenye nyumba ya mlezi mwenye leseni anayelea watoto wachache, au kwenye kituo. Shirika liitwalo PATCH kazi yake ni kuwasaidia wazazi kupata walezi waliosajiliwa katika eneo wanaloishi. Uwasiliane nao mapema, kwa sababu nafasi za watoto wachanga ni adimu kuliko za watoto wakubwa na orodha za kusubiri ni ndefu.

Lakini fikiria kidogo dada wa kazi na bibi wamekuwa wakikufanyia nini. Zaidi ya kufua na kupika, wamekuwa jicho la pili. Unapokwenda kuoga yuko mtu anayemwangalia mtoto; unapozidiwa na kilio cha usiku yuko mtu wa kukupokea. Honolulu utaikosa mikono hiyo kuanzia asubuhi ya kwanza mumeo atakapotoka kwenda kazini, na mtu asikuambie kwamba ni deko. Upweke wa mama katika mwaka wa kwanza ni jambo la kiafya, nami nimeuona ukiwaangusha wanawake hodari. Kwa hiyo nakushauri mwezi wa kwanza usiutumie kutafuta samani wala kutembelea fukwe. Utumie kutafuta watu.

Na watu wapo, kwa kuwa wenyeji wa Hawaii hawalei peke yao. Neno lao ohana maana yake ni jamaa, nalo linabeba pia watu ambao si wa damu moja nawe, kama tunavyosema sisi ndugu. Mtoto ni keiki, mzee anayeheshimiwa ni kupuna, na bibi au babu huitwa tutu. Mtu mzima yeyote, hata muuza duka, mtoto humwita anti au anko, na hamwiti kwa jina tupu. Binti yako hatahitaji kufundishwa adabu mpya. Ndala huachwa mlangoni kabla ya kuingia ndani, na asubuhi ya sherehe utakuta jozi 30 zimetapakaa kizingitini, watoto wakigombania zinazofanana. Nyumba nyingi hukaa vizazi vitatu pamoja, kwa mapenzi na pia kwa sababu kodi za nyumba ni kubwa mno. Barack Obama, aliyezaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961 na baba Mkenya aliyefika mwaka 1959 kusoma Chuo Kikuu cha Hawaii, alilelewa miaka mingi ya utoto wake na babu na bibi mzaa mama, na jina alilomwita bibi huyo, Toot, limetokana na hilohilo neno tutu.

Kwa sababu bibi ni mlezi rasmi machoni pa watu wa huko, kuna shule ya awali ya bure inayohamahama iitwayo Tūtū and Me. Walimu hufika kwenye ukumbi wa mtaa na mikeka, vitabu na vifaa vya kuchezea, kisha mzazi, bibi au mlezi hukaa chini na mtoto wake asubuhi nzima, anayemleta haondoki. Mtoto huruhusiwa tangu kuzaliwa mpaka miaka mitano, hivyo utakwenda na wote wawili. Nenda hata kama Kiingereza chako hakijakaa sawa. Wiki ya kwanza utakaa pembeni, wiki ya tatu bibi wa Kifilipino atakuwa amembeba mwanao begani huku wewe ukimfunga binti kamba za viatu, na hapo utakuwa umepata mkono wa kwanza.

Binti akitimiza miaka mitano ifikapo tarehe 31 Julai, ataanza chekechea ya serikali mwanzoni mwa Agosti mwaka huohuo. Akizaliwa hata tarehe 1 Agosti husubiri mwaka unaofuata. Chekechea ni ya lazima na haina ada, na visiwa vyote viko chini ya wilaya moja ya elimu. Kabla ya umri huo shule za awali nyingi ni za kulipia. Upo mpango wa serikali wa kuwasaidia wazazi ada, uitwao Preschool Open Doors, na jimbo limejiwekea lengo la kufungua madarasa ya kutosha watoto wote wa miaka mitatu na minne ifikapo 2032. Ombeni msaada huo mara tu mtakapokuwa na anwani.

Sasa bahari. Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu hapa ndipo ujuzi wetu wa pwani unapoweza kutuponza. Wewe umekua Tanga, ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mtoto hujifunza mapema kuyasoma maji: yakikupwa anakwenda kuokota kome, yakianza kujaa anarudi. Honolulu tofauti ya maji kupwa na maji kujaa haifiki mita moja. Ufuo unaonekana uleule asubuhi na jioni, ukadhani bahari imetulia, kumbe hatari yake haiji na kupwa na kujaa. Inakuja na mawimbi. Wakati wa kipupwe cha kaskazini, hasa kuanzia Novemba mpaka Februari, dhoruba za mbali huko Pasifiki ya kaskazini husukuma mawimbi makubwa mno kwenye pwani ya kaskazini ya Oahu, na miezi ya katikati ya mwaka pwani ya kusini hupata zamu yake. Mawimbi hayo huja kwa makundi. Bahari inaweza kukaa shwari dakika 10 au zaidi, mtoto akacheza kwenye mchanga uliolowa, kisha likaja kundi la mawimbi likafika mpaka pale alipoketi na kumvuta. Mchanga uliolowa ni mahali ambapo maji yalikuwepo muda si mrefu, na kwa mtoto wa miezi kumi hiyo ni alama ya kutosha kukurudisha nyuma. Wenyeji huwafunza watoto wao wasiipe bahari mgongo, na agizo hilo ulichukue kama lilivyo.

Chagua fukwe zenye waokoaji na maji yaliyokingwa. Ala Moana, karibu kabisa na katikati ya mji, imekingwa na mwamba wa matumbawe, na ndiko familia hupeleka watoto wadogo. Mkifika, mwulize mwokoaji aliye kwenye kibanda chake bahari ikoje leo, hakuna atakayekucheka. Na mtoto wa chini ya miaka mitano akiwa ndani ya maji, mtu mzima awe karibu kiasi cha kumshika kwa mkono bila kupiga hatua, simu ikiwa mfukoni. Marekani yote, kuzama ndiko kunakoongoza kwa kuua watoto wa mwaka mmoja mpaka minne, na mtoto anayezama hapigi kelele wala hatapitapi kama tunavyodhani. Huzama kimya.

Kuna hesabu moja ya mwezi ambayo itakuwa rahisi kwako. Kama vile pwani yetu tunavyohesabu mwezi ili kujua bamvua na maji mafu, Waikiki na Ala Moana watu huhesabu mwezi ili kujua siku za konyeza, yule kiumbe wa baharini laini kama ute anayewasha. Aina moja kali ya konyeza husogea kwenye fukwe za kusini mwa Oahu kati ya siku ya nane na ya kumi na mbili baada ya mwezi mpevu. Siku hizo mabango huwekwa ufukweni, nawe wapeleke watoto bustanini. Ikitokea mtoto ameguswa, usisugue kwa mchanga. Mwagia siki, toa nyuzi zilizobaki kwa kibano, kisha loweka mahali hapo katika maji ya moto anayoyavumilia. Na akianza kupumua kwa shida, piga namba ya dharura, 911.

Mengine ya kiusalama nitayapitia haraka. Hakuna malaria, hakuna kichaa cha mbwa, na nyoka wa porini wa kuogopwa hawapo, jambo ambalo huwafurahisha sana akina mama wa kwetu. Konokono na koa wanaweza kubeba mnyoo unaoshambulia ubongo, hasa katika kisiwa cha Hawaii chenyewe, kile waitacho Kisiwa Kikubwa, hivyo osha kila jani la mboga chini ya maji yanayotiririka na usimwache mtoto achezee koa. Garini, mtoto wa chini ya miaka miwili hukaa kwenye kiti maalumu kinachotazama nyuma, na kuanzia miaka minne mpaka kumi hukaa kwenye kiti cha kumwinua; kumpakata mtoto mapajani kama ndani ya daladala ni kosa la kisheria. Na siku ya kwanza ya kazi ya kila mwezi, saa sita kasorobo mchana, ving'ora vya tahadhari ya tsunami na majanga mengine hulia jimbo zima kwa majaribio. Mwambie binti mapema. Mtoto ambaye hakuambiwa hujificha chini ya kitanda, nami nimewaona wengine wakiogopa kulala wiki nzima.

Chakula ndicho kitakachokutuliza moyo. Vitu vingi huja kwa meli, na sheria ya bahari ya Marekani ya mwaka 1920 inataka mizigo itokayo bandari moja ya nchi hiyo kwenda nyingine ibebwe na meli zilizojengwa hukohuko na zenye bendera yake, jambo linaloongeza gharama. Juu yake Oahu hutoza kodi ya asilimia 4.5 ambayo inagusa hata chakula. Maziwa na mayai yatakushtua. Lakini ingia masoko ya Chinatown mjini Honolulu, utakuta magimbi, nazi, papai, maembe kwa msimu wake, bamia na samaki wa leo, nao wauzaji hawatashangaa ukiligeuza gimbi kulitazama kwa chini kama ufanyavyo soko la Ngamiani huko Tanga. Shelisheli ni mti wao wa heshima. Majani ya magimbi huyapika kwa tui la nazi mpaka yalainike kabisa, na ukionja utafikiri ni kisamvu cha mtu aliyesahau kutia kitunguu.

Kwa mvulana wako gimbi lina habari yake. Hupikwa, hupondwa na kuongezwa maji mpaka liwe uji mzito wa rangi ya zambarau uitwao poi, nacho ndicho chakula cha kwanza cha watoto wa Kihawaii tangu zamani, kwa kuwa ni laini na hakisumbui tumbo. Mpe kikiwa kipya, maana kikikaa siku mbili tatu huchachuka. Wenyeji husimulia kwamba gimbi lilichipuka kutoka kaburi la mtoto mchanga aliyezaliwa mfu, na kwamba mdogo wake aliyefuata ndiye babu wa watu wote. Hivyo gimbi ni kaka mkubwa, na bakuli la poi likiwa wazi mezani watu hawagombani. Sijaona njia nzuri kuliko hiyo ya kumfundisha mtoto adabu ya chakula.

Kwa kuwa nyinyi ni Waislamu, ujue kwamba nyama ya nguruwe imeingia karibu kila mahali. Ile kitafunwa ambayo watoto wote hubeba, tonge la wali lililobanwa na kipande cha nyama ya kopo na kufungwa kwa mwani, mara nyingi nyama yake ni ya nguruwe, na sherehe za kienyeji humwoka nguruwe mzima ardhini. Mweleze mwalimu kwa maandishi tangu siku ya kwanza, naye atazingatia. Ni mahali ambapo watoto wa Kijapani, Kifilipino, Kireno, Kichina na Kihawaii hula meza moja, na kila mmoja ana chake asichokula. Msikiti uko Manoa, na familia utakazozikuta pale siku ya Ijumaa zimetoka nchi nyingi.

Halafu mvulana atatimiza mwaka mkiwa mmefika. Majirani watakuuliza sherehe ni lini, kwa sababu Hawaii mwaka wa kwanza wa mtoto husherehekewa karibu kama harusi. Desturi hiyo husemwa kuwa ilitokana na enzi ambapo meli za wageni zilileta surua, kifaduro na mafua makali, yakaua watu wengi sana mwaka 1848 na 1849, hata mtoto kufikisha mwaka likawa jambo la kualika mtaa mzima. Pikeni pilau mwaalike jirani wa kulia na wa kushoto. Halitawagharimu kama mnavyoogopa, kwa kuwa kila mgeni atakuja na sinia lake.

Lugha nimeiacha mwisho kwa sababu hapo ninakuona una hofu kubwa kuliko inavyostahili. Mwaka 1896 sheria ilikifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya kufundishia, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto waliokizungumza Kihawaii walikuwa wachache wa kuhesabika. Wazazi na walimu wakaanzisha mwaka 1984 shule za awali ziitwazo Pūnana Leo, yaani kiota cha sauti, ambamo mtoto husikia Kihawaii peke yake, na leo wapo vijana waliosoma kwa lugha hiyo mpaka kumaliza sekondari. Kihawaii ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza tangu 1978. Katika nchi yenye historia hiyo, mama anayezungumza na wanawe lugha yake sokoni huheshimiwa. Tena silabi zao huishia kwa irabu kama zetu, na binti yako atasoma bango la barabara ya Likelike bila kukosea, wakati wageni kutoka bara la Marekani huligeuza kuwa neno jingine.

Basi nyumbani kwako kiwe Kiswahili tu, tangu mlango unapofungwa na ndala kubaki nje. Mwalimu akikushauri uzungumze Kiingereza na watoto ili wasichelewe, usimkubalie kwa hilo. Mtoto wa miaka minne atakiokota Kiingereza shuleni kwa miezi, lakini Kiswahili hana mwingine wa kumpa ila nyinyi wawili na simu. Simu nayo ina wakati wake mzuri. Tanga iko mbele ya Honolulu kwa saa 13 mwaka mzima, kwa kuwa Hawaii haibadilishi saa zake kama majimbo mengine, hivyo saa 12 jioni yenu, watoto wakiwa wameoga na kungoja chakula, kwa bibi ni saa 1 asubuhi ya siku inayofuata naye ndiyo kwanza anateleka chai. Mpigieni saa hiyo kila siku, muiweke simu mezani, na binti amhadithie bibi habari za shule huku wewe ukigeuza samaki jikoni.